Kadi ya Sita

"Heshima ni kumpisha mtu kwenye kiti!" mama yake Jesang alikuwa akisema, shuka lililolowa likimning'inia mkononi. "Nafasi ya sita si kiti, mama Jelagat. Mtoto ameitolea jasho kilomita sita nzima."

"Na wangu alibebwa na pikipiki?" mama mkubwa, mama yake Jelagat, akajibu kutoka upande wa pili wa kamba ya nguo.

"Sijasema hivyo."

"Umesema jasho. Kana kwamba wangu alikuwa anatembea kando ya njia akila ndizi."

"Nani ana ndizi?" Kogo, bibi yao, akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake juani, kitambaa cha kanisani bado kichwani. Masikio yake yalikuwa yakishika neno moja katika kila matano.

"Hakuna ndizi, Kogo," wakamjibu wote wawili kwa pamoja, kisha wakarudi kwenye ugomvi wao.

Jesang aliketi kwenye ngazi ya jikoni akimenya viazi. Ganda la kiazi alichoshika lilikuwa limekuwa nene sana, nusu ya kiazi ilikuwa inakwenda nalo, lakini hakuna aliyemwangalia. Kwenye kamba zilining'inia fulana mbili za shule, za rangi moja na ukubwa mmoja, matope ya jana yakiwa hayajatoka vizuri. Moja yake, moja ya Jelagat. Ukiziangalia usingejua ya nani ilikuwa ya ngapi.

Boma lilikuwa moja. Ndugu wawili walikuwa wamejenga ndani ya ua mmoja wa misipresi, majiko mawili, lango moja. Mama yake Jesang alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya Kaptoroi, mwenye diploma na saa ya mkononi, mtu wa kupima kitu na kukiandika. Mama mkubwa, mke wa ndugu mkubwa, alikuwa mtu wa ng'ombe na shamba, naye alikuwa hapimi kitu ila kwa jicho, na mara nyingi jicho lake lilikuwa sawa. Wanawake hawa walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minane wakiazimana chumvi na sufuria. Jana saa tano asubuhi ndipo walipokosana.

"Mimi nilikuwa palepale kwenye kamba," mama yake Jesang alisema. "Nimeona kwa macho haya. Mtoto amekanyaga chokaa, bintiyo yuko nyuma yake hatua nzima. Halafu kufika kwenye kamba anasimama, anampisha. Anampisha! Nilitaka kuruka kamba."

"Basi mwambie aseme mwenyewe. Mimi nimemshika mdomo? Ameulizwa jana, ameulizwa leo kabla ya kanisa, anasema hakumbuki. Mtu aliyetangulia hukumbuka, mama Jesang. Mtu aliyetangulia hakuna kitu kingine anachokumbuka!"

Hapo mama yake akageuka akamtazama Jesang. Jesang akainamia kiazi.

"Jesang."

"Mama."

"Unakumbuka au hukumbuki?"

"Sikumbuki vizuri."

"Umesikia?" mama mkubwa akasema. Akakung'uta blauzi kwa nguvu hadi matone yakamfikia Kogo.

Jesang alikuwa anakumbuka kila kitu.

Alikumbuka baridi ya uwanja wa nyika asubuhi ile, ukungu ukiwa umekaa juu ya majani, wasichana sitini na zaidi wamejipanga kwenye mstari wakijipiga mapaja. Alikumbuka bunduki ya kuanzishia mbio ikigoma mara mbili na mwamuzi akaamua kupiga filimbi. Alikuwa ameanza nyuma ya Jelagat, kama alivyoanza nyuma yake tangu akiwa na miaka tisa, akiangalia visigino vyake tu. Mizunguko minne. Wa kwanza ulikuwa wa viwiko, maana kwenye kivuko cha mto njia ilibana wakapita wawili wawili. Wa pili msichana mmoja aliacha kiatu matopeni akaendelea na kimoja. Wa tatu wasichana watano wa shule za bweni walikwisha kwenda zao, hawakuonekana tena ila migongo. Sita wa kwanza ndio wangekuwa timu ya kaunti kwenye mashindano ya mkoa. Wa saba angebaki nyumbani akasikiliza matokeo kwenye redio. Kwa hiyo kila aliyekuwa nyuma ya wale watano alikuwa anakimbilia nafasi moja tu.

Mlimani, mzunguko wa mwisho, yeye na Jelagat walimpita msichana mrefu aliyekuwa ameikalia nafasi hiyo tangu mwanzo. Walipotokea kwenye mteremko wa kumalizia, walikuwa wawili peke yao. Jesang alisikia pumzi ya Jelagat. Aliijua pumzi hiyo kuliko sauti yake. Ilikuwa imeanza kupiga mluzi, na ikipiga mluzi, mwenyewe amekwisha. Akatoka pembeni akampita. Hakufikiri. Alisikia chokaa ya mstari wa kumalizia ikitifuka chini ya kiatu chake, na bega la Jelagat lilikuwa bado halijatokea.

Mbele ya mstari kulikuwa na kamba mbili zilizofungwa kwenye vijiti, njia nyembamba ya mtu mmoja, na mwishoni mzee mwenye kofia akigawa kadi za nafasi. Mdomo wa kamba zile ulikuwa mwembamba kama lango la nyumbani.

Na langoni kwa Kogo kulikuwa na sheria. Walikuwa wasichana saba wa kilima kile waliokuwa wakikimbia pamoja kila asubuhi kabla ya shule, na kutoka kwenye mikaratusi hadi langoni walikuwa wakishindana kama wehu. Lakini hatua mbili kabla ya lango mdogo hupunguza, mkubwa akaingia kwanza. Zamani Kogo aliwahi kusukumwa pale na mtoto aliyekuwa akikimbia, akaanguka na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na tangu siku hiyo akaweka amri kwamba hakuna ndama atakayeingia mbele ya ng'ombe. Kibuyu kilisahauliwa. Amri ilibaki miguuni. Mbio zote za nyumbani Jesang alikuwa amezimaliza kwa kusimama kidogo kando ya nguzo na kusema, "Pita."

Basi jana pia, mbele ya kamba, miguu ilisimama yenyewe. Hata mdomo ulisema, "Pita." Na Jelagat, ambaye naye alikuwa amezoea kupita, akapita. Mzee mwenye kofia akampa kadi ya sita. Jesang akapewa ya saba, akaitazama kama barua iliyoletwa nyumba isiyo yake.

Hiyo ndiyo kumbukumbu. Haikuwa na pengo mahali popote.

Mwalimu Tallam, mwalimu wao wa michezo, alikuwa amepiga simu asubuhi. Yeye wakati ule alikuwa anakusanya wavulana wake upande wa kuanzia, hakuona kitu. Waamuzi walisema kadi ni kadi, na muda wa rufaa umepita. "Lakini wote ni wa shule yangu," alisema. "Wakiandika karatasi moja, wakasaini wote wawili, katibu atabadilisha jina. Wasipokubaliana inabaki ilivyo. Nitapitia hapo kwenu saa tisa. Saa kumi na moja ofisi inafunga orodha."

Maana yake ni kwamba neno "sikumbuki" lilikuwa linamsainia Jelagat. Jesang alilijua hilo pia.

Jelagat akatokea upande wa zizi, miguu imelowa maji ya birika la ng'ombe, viatu vyake vya mazoezi mkononi. Alikuwa na miaka kumi na minane, kidato cha nne, mwaka wake wa mwisho. Akawatazama kina mama, akamtazama Jesang, akatazama bakuli.

"Hivyo viazi umevimenya au umevichonga?"

Jesang akacheka kwa pua.

"Vaa viatu twende tukalegeze miguu. Hawa wataendelea mpaka Jumatano."

"Mnakwenda wapi?" mama yake Jesang akauliza. "Mwalimu anakuja saa tisa."

"Tutakuwa tumerudi, mama. Ni mpaka kinuni tu."

"Na mzungumze!" mama yake akawapigia kelele wakiwa wamekwisha kutoka. "Mna midomo!"

Walishuka pole pole kwenye barabara ya murram. Jua lilikuwa limetoka vizuri, upepo ukiwa baridi, kondoo wamelala kando ya njia bila haraka ya kuondoka. Paja la kushoto la Jesang lilikuwa gumu kama ubao, kisha baada ya kilomita moja likaanza kulainika. Kwenye kinu cha kusagia mahindi wanawake walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakisubiri mwenye ufunguo atoke kanisani.

"Ee, hao ndio wale waliokaribishana kwenye kamba!" mmoja akasema. "Karibu wewe, hapana, karibu wewe!"

"Wangekuwa wanangu ningewachapa wote wawili," akasema mwingine. "Wa kwanza kwa kupisha, wa pili kwa kupita."

"Tunashukuru, mama!" Jelagat akaitikia bila kupunguza mwendo, wakageuka hapo kwenye kinu wakaanza kupanda kurudi. Kicheko kikawasindikiza hadi kwenye kona.

Kupanda kulikuwa kurefu. Jelagat akasema, "Mimi sikuona. Ukweli. Jasho lilikuwa limenijaa machoni, nilikuwa natafuta kamba tu. Tangu jana najaribu kukumbuka bega lako lilikuwa wapi. Siipati picha."

Jesang akakwepa shimo la barabarani.

"Lakini wewe uliona."

"Mimi sikum—"

"Usinipe hiyo. Wewe unakumbuka nilivaa nini siku ile ulipotapika kwenye harusi ya shangazi Truphena."

"Sketi ya kijani."

"Na?"

"Na sweta yenye kifungo kimoja cheusi, vingine vyeupe."

"Umeona." Jelagat akavuta pumzi. "Ulikuwa na miaka sita."

Wakakimbia hadi kwenye jiwe kubwa la njia panda. Upande wa chini bonde lilikuwa limefunguka, mabati ya shule yakimeta mbali.

"Makocha wa timu za askari watakuja mkoani," Jelagat akasema. "Hilo unalijua. Mama amekwisha kunivika sare akilini. Ameanza hata kuniita afande nikichelewa kuosha vyombo. Nataka kwenda, Jesang. Sitakudanganya kwamba sitaki. Lakini wakiniuliza kaunti ulikuwa wa ngapi, nitasema wa sita, na nikisema hivyo nataka niwe najua nasema nini. Nikipata shaka, kila mlima nitakuwa naisikia miguu yako nyuma yangu. Kama nilikutangulia, sema. Kama sikukutangulia, sema. Usinigawie nafasi kama mtu anayemwongezea mgeni viazi."

"Mwaka huu ni wako wa mwisho."

"Umeniandikia wewe? Mbio za barabarani zipo. Kambi zipo. Mama anazungumza kama mtu ambaye dunia yake inafunga mlango mwezi wa kumi na moja."

"Na mama mkubwa? Atanisalimia tena?"

"Atanuna mpaka Ijumaa. Ijumaa chumvi itamwishia, atakuja jikoni kwenu na kikombe kama hakuna kilichotokea."

"Na wewe?"

Walikimbia hatua kama mia hivi.

"Mimi nitalia kidogo nyuma ya zizi. Halafu nitakupangia mazoezi ya milima. Mlimani unakimbia umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Ukienda hivyo mkoani watakupita hata waamuzi."

Jesang akacheka, na katika kucheka huko kitu kikamjia waziwazi, bila kutafutwa. Tangu jana alikuwa akijiambia kwamba anamwonea Jelagat huruma. Haikuwa huruma. Jelagat alikuwa haombi huruma, na hakuhitaji. Yeye Jesang alikuwa anaogopa kusimama mbele ya watu wake na kusema anakitaka kitu ambacho mkubwa wake naye anakitaka. Kusema "sikumbuki" kulikuwa rahisi kuliko kusema "nataka." Neno moja lilimwacha awe mtoto mzuri wa nyumba. Hilo lingine lingemtoa nje.

Na alikuwa anataka. Alikuwa anataka kwenda mkoani kiasi kwamba jana, huku ameshika kadi ya saba, meno yalimuuma.

Walitokea kwenye mikaratusi.

Kutoka hapo hadi langoni ni mita mia tatu, tambarare mwanzoni, halafu mtaro, halafu kijipando kifupi. Pikipiki ya Mwalimu Tallam ilikuwa tayari imeegeshwa ndani ya ua. Kofia yake nyekundu ilionekana juu ya tangi. Kina mama walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake. Kogo alikuwa palepale kwenye kigoda.

Hakuna aliyesema "twende." Hawakuwahi kusema. Jelagat aliinua tu magoti, na Jesang akamfuata, na mara mazoezi ya kulegeza miguu yakawa yamekwisha. Kokoto zilikuwa zinaruka. Kwenye mtaro Jelagat aliruka kwanza, Jesang akaruka baada yake, akatua vizuri kuliko alivyotegemea, akatoka pembeni. Pumzi ya Jelagat leo haikuwa inapiga mluzi. Leo alikuwa mzima, na hakuwa anatoa zawadi. Wakapanda bega kwa bega. Hatua kumi kabla ya lango Jesang alikuwa mbele kwa kichwa. Hatua tano, kwa bega.

Na miguu ikaanza. Aliisikia. Hatua zilikuwa zinafupika zenyewe, kisigino kikitafuta ardhi, mwili ukijigeuza kidogo kuelekea kwenye nguzo ili mkubwa apate nafasi. Miaka saba ilikuwa kwenye magoti yake. Jana haikumpa nafasi ya kuichagua. Leo ilimpa, fupi kama kupepesa jicho.

Akarefusha hatua, akaingia.

Kuku walitawanyika. Mbwa alibweka mara moja, kisha akaona aibu. Kogo akanyanyua fimbo yake.

"Leo kuna nini? Ndama kaingia mbele!"

"Samahani, Kogo," Jesang akasema akiwa anahema, lakini hakusimama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mwalimu, aliyekuwa ameshika kikombe cha chai na mdomo ukiwa wazi.

"Mwalimu, nipe kalamu."

"Pumzika kwanza."

"Nipe kalamu, mwalimu. Na karatasi."

Mwalimu Tallam akaweka kikombe juu ya kigogo, akatoa daftari kwenye koti, akachana ukurasa. Jesang aliuweka kwenye kiti cha pikipiki. Tone la jasho likaanguka mahali jina lilipotakiwa kuanza, kwa hiyo akaanza chini yake.

"Unaandika nini?" mama mkubwa akauliza.

"Nakumbuka, mama mkubwa," Jesang akasema bila kuinua kichwa. Sauti yake ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Nakumbuka tangu jana. Nilisema uongo. Mimi ndiye niliyekanyaga mstari kwanza. Halafu nikampisha kwenye kamba kama tunavyopishana hapa langoni. Nataka kwenda mkoani."

Akaandika hivyohivyo, maneno hayohayo, isipokuwa lile la mwisho, maana halikumhusu katibu. Akasaini.

Mama mkubwa alikuwa amefungua mdomo. Mama yake Jesang pia. Lakini Jelagat alikuwa amekwisha kufika kwenye pikipiki, mikono kiunoni, uso umelowa. Akatia mkono mfuko wa nyuma wa suruali akatoa kadi, ile ya sita, imekunjika pembe moja. Akaisoma kidogo kama mtu anayehakikisha jina. Akaiweka juu ya ukurasa.

"Kalamu."

"Jelagat!" mama yake akaita.

"Mama, ameniacha leo pia, na leo niliona," Jelagat akasema. Akasaini chini ya jina la Jesang, herufi kubwa, mstari chini yake. Kisha akageuka akaelekea upande wa zizi, kwa mwendo wa kawaida, na Jesang akajua amekwenda kufanya lile alilosema atafanya, na kwamba asimfuate.

Mama yake Jesang alivuta pumzi ya mtu mwenye hotuba. "Mimi nilisema tangu ja—"

"Mama," Jesang akasema. "Imetosha."

Mama yake akamtazama, akatazama saa yake ya mkononi, akafunga mdomo. Halafu akafanya kitu cha maana zaidi: akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha mursik, akakipeleka upande wa pili wa kamba ya nguo. Mama mkubwa hakukipokea mara moja. Alikiacha kining'inie hewani muda wa kutosha watu wote waone. Halafu akakipokea, bila kunywa, bila kusema asante.

Mwalimu Tallam alikunja karatasi mara nne pamoja na kadi, akaitia mfuko wa ndani, akafunga zipu. Akamalizia chai kwa mkupuo mmoja.

"Saa tisa na nusu," akasema. "Nafika." Akavaa kofia yake, akapiga teke pikipiki ikawaka.

Jesang alikwenda langoni akalifungua lango hadi mwisho, akasimama kando.

"Pita, mwalimu," akasema.

Pikipiki ikapita, ikashuka kuelekea kwenye mikaratusi.